Wasiwasi na tiba ya mtandaoni: video, meseji, programu ya kujisomea, au kliniki?

Mwenye wasiwasi ukimwekea njia nne achague moja, umemwongezea jambo jingine la kukesha nalo. Je, nikimpata mshauri asiyenifaa? Je, jirani akinisikia kupitia ukuta? Je, hela ikienda bure? Hapa nazipima njia hizo nne kwa mizani moja: mshauri ana kwa ana kliniki, mshauri kwa simu ya video au sauti, mshauri kwa meseji, na programu ya kujisomea mwenyewe.

Wasiwasi wa kabla ya mtihani au usaili hupita wenyewe. Ninaouzungumzia ni ule uliodumu miezi: moyo kwenda mbio bila sababu, tumbo kuvurugika, usingizi kukatika saa tisa usiku, kufikiria sana hadi kichwa kinauma, kukwepa harusi, kukwepa kupokea simu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi ya kiwango cha ugonjwa. Wengi wao hawapati tiba yoyote.

Jambo moja kabla ya kumlipa mtu yeyote mtandaoni: pita kituo cha afya, upimwe mwili. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, jasho na mikono kutetemeka, na mtu akaambiwa ana mawazo. Upungufu wa damu hufanya vivyo hivyo. Dawa ya pumu ya kuvuta, vikombe vingi vya kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na miraa navyo vina mchango wao. Mshauri aliye kwenye skrini hawezi kukushika mkono akahesabu mapigo.

Vya kupimia

Kipimo cha kwanza nakipa uzito kuliko vyote. Hofu hulishwa na kukwepa. Mtu aliyepatwa na shambulio la hofu ndani ya daladala, moyo ukamdunda hadi akadhani anakufa, kesho yake atapanda bodaboda. Baada ya muda hata bodaboda itamshinda, ataomba kazi ya kufanyia nyumbani. Kila akikwepa anapata nafuu ya siku hiyo, na nafuu hiyo ndiyo inayomwambia ubongo wake kwamba kweli daladala ni hatari. Ndiyo maana tiba yenye ushahidi mwingi zaidi kwa wasiwasi, tiba ya fikra na tabia ambayo wataalamu huiita CBT, haiishii kwenye kuongea. Inamrudisha mtu hatua kwa hatua kwenye kile anachokikwepa, akae nacho hadi mwili ujionee wenyewe kwamba hakuna aliyekufa. Kwa hiyo iulize kila njia ya mtandaoni hivi: itanisaidia kuanza, au itanisaidia kujificha? Skrini inaweza yote mawili.

Cha pili ni faragha, nayo ina pande mbili. Upo upande wa chumba: nani atasikia ninachosema? Upo na upande wa taarifa: maneno yangu yanahifadhiwa wapi, na nani atayaona? Huu wa pili watu huusahau. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliiagiza BetterHelp, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za tiba ya mtandaoni duniani, ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi kuwa zingebaki siri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Una haki ya kuuliza.

Cha tatu ni gharama, lakini gharama ya safari nzima. Watu huuliza kikao ni shilingi ngapi. Swali lenye maana ni kozi nzima itakula kiasi gani. Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayopendekeza tiba zenye ushahidi, hutaja vikao 12 hadi 15 vya kila wiki vya CBT kwa wasiwasi wa jumla, na kati ya saa 7 na 14 kwa mashambulio ya hofu. Zidisha ada kwa hesabu hiyo, ongeza nauli au bando, ongeza na saa za kazi utakazokosa. Mshauri wa bei ya juu unayemmudu kwa vikao viwili tu ni ghali kuliko wa bei ya kati utakayefika naye mwisho.

Kisha kuna lugha, yaani kama utaweza kusema yaliyo moyoni kwa maneno yanayokujia yenyewe. La mwisho ni usalama: hali ikizidi usiku, nani yupo?

Kliniki, ana kwa ana

*Kazi ya tiba.* Hapa kujificha ni kugumu. Kutoka nyumbani tu, kupanda gari, kukaa kwenye benchi na watu usiowajua, tayari ni sehemu ya tiba kwa mwenye hofu ya watu. Mshauri anaona mguu unavyotikisika chini ya meza, jambo ambalo kamera haionyeshi. Tena katika hospitali yenye daktari wa magonjwa ya akili, dawa zikihitajika unaandikiwa hapohapo. Dawa zinazotumika sana, za kundi la fluoxetine na sertraline, huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na mtu akiambiwa hivyo mapema haziachi njiani. Diazepam ni habari nyingine. Inatuliza haraka na inazoesha haraka, na anayeinunua mwenyewe dukani kila wiki anajitengenezea tatizo la pili.

*Faragha.* Ya taarifa ni nzuri kiasi, faili liko kabatini. Ya macho ya watu ndiyo shida. Wapo wasiokubali kuonekana kwenye lango la hospitali za akili kama Mathari, Mirembe au Butabika kwa sababu mtaani majina hayo yamegeuzwa kuwa matusi. Hospitali nyingi za rufaa zina kliniki ya afya ya akili ndani ya jengo lilelile la wagonjwa wengine, na anayekuona foleni hajui umefuata nini.

*Gharama.* Hospitali za umma huwa nafuu kwa ada na ghali kwa muda: asubuhi nzima inaisha. Binafsi ni kinyume chake.

*Lugha.* Mjini utapata Kiswahili bila shida.

*Hali ikizidi.* Hakuna njia inayoishinda hii.

*Inamfaa* mwenye dalili kali, anayehitaji dawa, mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwenye mawazo ya kujidhuru, na yule ambaye nyumbani hakuna kona ya kuongelea. Haimfai sana aliye mbali na mji au anayelipwa kwa siku.

Video au simu ya sauti

*Kazi ya tiba.* Tafiti zilizolinganisha CBT ya video na ya ana kwa ana zimekuwa zikikuta matokeo yanayokaribiana kwa watu wenye wasiwasi. Kwa mashambulio ya hofu video ina hata faida yake. Mshauri anayejua kazi atakwambia ukimbie papo hapo dakika moja, upumue kwa mrija, uzunguke kwenye kiti hadi kichwa kizunguke, ili uzoee dalili zile unazoziogopa, na utafanya hivyo sebuleni kwako, mahali ambapo hofu inakukuta kila siku. Kikao kinachofuata anaweza kuwa nawe kwenye hedifoni ukiwa umesimama kituoni Buguruni au ndani ya matatu ya Thika Road. Kwenye chumba cha kliniki hilo haliwezekani.

Ila kuna mtego. Anayeogopa kutoka nje akifanya vikao vyote akiwa kitandani, mwezi wa tatu hajafika dukani, tiba imegeuka blanketi. Na mwenye hofu ya watu atapenda kuzima kamera: "mtandao leo mbaya, tuongee kwa sauti." Mwambie mshauri mapema asikukubalie kila mara.

*Faragha.* Hapa ndipo video inapowashinda wengi. Nyumba za kupanga zinajulikana: ukuta hauishii juu, jirani akikohoa unamwambia pole. Watu hutafuta njia zao. Kuna anayekaa ndani ya gari lililoegeshwa, anayebaki ofisini wenzake wakishatoka, anayekwenda kuketi mbali uwanjani. Ukivaa hedifoni, anayesikika ni wewe tu, nusu ya mazungumzo. Mkubaliane na mshauri neno la kumaanisha "ameingia mtu, badilisha mada".

*Gharama.* Nauli inaondoka, bando linaingia. Saa moja ya video yenye picha safi hula nusu GB au zaidi, ya sauti tupu makumi machache ya MB. Ukiwa na bando dogo, anzeni kwa video dakika kumi mwonane, kisha sauti. Uliza pia kabla ya kulipa: mtandao ukikatika katikati, kikao kinahesabiwa?

*Lugha.* Hili ndilo jambo kubwa kwa walio mbali. Dada anayefanya kazi za nyumbani Muscat, au kijana wa Kiswahili aliyeko Minnesota, anaweza kuongea na mtu wa kwao kwa lugha ya kwao. Yapo ya kuangalia, hata hivyo. Falme za Kiarabu zimezuia kwa miaka mingi simu za WhatsApp, wakati Zoom na Microsoft Teams hufanya kazi. Marekani leseni hutolewa jimbo kwa jimbo, na sheria hutazama mgonjwa yuko wapi, kwa hiyo mshauri wa Nairobi hana leseni ya kumtibu mtu aliye Minnesota. Wapo wanaoongea nao hivyohivyo kama ushauri wa kawaida, lakini bima haitalipa, na likitokea jambo huna pa kushtaki.

*Hali ikizidi.* Wastani. Mshauri makini, kila kikao kinapoanza, anakuuliza uko wapi leo na nani wa kupigiwa likitokea jambo. Asipouliza hadi kikao cha pili, mwulize kwa nini.

*Inamfaa* aliye mbali na mtaalamu, mwenye ratiba ngumu, mwenye mashambulio ya hofu, mama mwenye mtoto mchanga, na anayehitaji mshauri wa lugha au dini yake asiyepatikana mjini kwake.

Meseji

*Kazi ya tiba.* Kwa wanaoandika vizuri kuliko wanavyoongea, hii hufungua mlango. Mambo ya aibu, kama aliyotendewa mtu utotoni, mengi husemwa kwa maandishi kabla ya kusemwa kwa mdomo. Pia maneno yanabaki, unayasoma tena kesho.

Lakini kwa aina moja ya wasiwasi nina mashaka nayo. Kuna mtu anayeishi kwa kuulizia: "Una uhakika si saratani?" "Unadhani bosi amekasirika?" Akipewa mshauri anayepatikana kwa meseji mchana na usiku, atauliza mara ishirini, atajibiwa mara ishirini, na kila jibu litampa nafuu ya nusu saa. Kuuliza huko ni kukwepa kulekule, kumebadilisha nguo tu. Mshauri mzuri huweka saa za kujibu na mara nyingine hukataa kukuhakikishia. Ukikasirika siku hiyo, huenda ndiyo siku tiba imeanza.

*Faragha.* Hakuna sauti, hivyo chumba kimoja na wadogo zako si kikwazo. Simu yenyewe ndiyo hatari: mwenza anayejua namba ya siri, WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya ofisini, meseji inayojionyesha juu ya skrini mezani. Zima maonyesho ya meseji, washa zinazojifuta, weka namba ya siri kwenye programu yenyewe.

*Gharama.* Bando kidogo sana. Huduma nyingi za nje hukata kwa mwezi kwenye kadi na kujihuisha zenyewe, kwa hiyo jua namna ya kusitisha kabla ya kuanza.

*Lugha.* Kiswahili cha meseji ni kifupi na toni hupotea. "Sawa" ya kukubali na "sawa" ya kukata tamaa zinaandikwa vilevile.

*Hali ikizidi.* Dhaifu. Meseji yako ya saa nane usiku itasomwa asubuhi.

*Inamfaa* asiye na faragha ya sauti, mwenye kigugumizi, kiziwi, na anayehitaji hatua ya kwanza kabla ya kusogea kwenye sauti.

Programu ya kujisomea

*Kazi ya tiba.* Hizi ni kozi za CBT zilizopangwa kama masomo, wiki hii hivi, wiki ijayo vile, pamoja na mazoezi. Uswidi na Australia zimezitumia ndani ya huduma zao za afya kwa miaka mingi. Stockholm, Uswidi, kuna kliniki nzima ya namna hiyo. Lililojitokeza mara kwa mara kwenye tafiti ni kwamba penye mtu wa kukufuatilia, hata kwa ujumbe mfupi wa wiki, watu humaliza na hupata nafuu inayokaribia ya ana kwa ana. Pasipo mtu, wengi huacha njiani.

Akili mnemba (AI) ya kuongea nayo sijaitengea kundi lake. Inaweza kukueleza zoezi la kupumua saa tisa usiku. Lakini haichoki kukuhakikishia, na kwa yule muulizaji niliyemtaja hapo juu hilo ni sukari kwa mwenye kisukari. Haiwajibiki kwa bodi yoyote. Agosti 2025 jimbo la Illinois, Marekani, lilipiga marufuku kuitumia kufanya tiba ya akili bila mtaalamu.

*Faragha.* Hakuna anayekuona wala kukusikia. Usiandike jina kamili, na soma wanachofanya na taarifa zako.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote, mara nyingine bure. Huduma pia hufungwa: Woebot, iliyokuwa maarufu, ilizima programu yake Juni 2025. Maandishi yako muhimu yaweke kwenye daftari.

*Lugha.* Hapa ndipo Mswahili anapunjwa. Nyingi ni za Kiingereza, na mifano yake ni ya mtu mwenye mbwa, bustani na barua za benki.

*Hali ikizidi.* Hakuna kitu.

*Inamfaa* mwenye dalili za kiasi, anayejituma, anayesoma Kiingereza bila taabu, au aliye kwenye foleni ya kumsubiri mshauri.

Kumchunguza mtu kabla ya kumlipa

Mtandaoni kila mtu ni "kocha wa akili". Kenya kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 na bodi inayowasajili. Omba namba ya usajili uihakiki. Daktari wa magonjwa ya akili Kenya husajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari la huko; Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha uliza kwa lugha ya kawaida: ukimtibu mtu mwenye hofu kama yangu, wiki ya tatu mnakuwa mnafanya nini? Anayejua kazi atakutajia mazoezi. Anayekuahidi utapona kabisa kwa vikao vitatu, muage kwa heshima. Sheikh au mchungaji wako anaweza kubaki pembeni yako muda wote huo. Dua haijapata kumkwaza mshauri mwenye akili zake.

Kulingana na hali yako

Kama unafikiria kujidhuru, usikae kuchagua programu. Nenda hospitali iliyo karibu ukiwa na mtu, au piga simu: Kenya namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni ya bure, na 116 ni ya watoto Kenya na Tanzania.

Kama hujui dalili zako ni za kiasi gani, kuna dodoso la maswali 7 liitwalo GAD-7, ambalo lina toleo la Kiswahili lililopimwa Kilifi. Kila swali lina alama 0 hadi 3 kwa wiki mbili zilizopita. Jumla ya kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, kuanzia 10 wa kati, kuanzia 15 mkali. Halitoi hukumu ya daktari. Chini ya 10, kujisomea huku mtu akikufuatilia ni mwanzo mzuri. Kuanzia 10 tafuta mtu halisi, video au kliniki. Ukifika 15 na kazi imeanza kukushinda, anza kliniki, kisha uhamie video ukishatulia.

Kama unaogopa watu, anza popote unapothubutu, hata meseji, lakini andikeni na mshauri tarehe ya kuhamia sauti, na tarehe ya kufungua kamera. Kama unaogopa magari, masoko au kuwa peke yako njiani, video yenye mazoezi ya nje itakufaa, mradi mazoezi hayo yafanyike kweli. Kama wasiwasi wako ni wa kuulizia magonjwa, epuka huduma ya kujibiwa saa zote, chagua kikao kimoja kwa wiki chenye mwanzo na mwisho.

Uko kijijini na mtandao ni wa kubahatisha? Simu ya kawaida isiyo na intaneti inatosha kwa CBT, na washauri wengi hukubali. Unaishi na watu wanaokupekua simu? Kliniki, siku unayokwenda kupima presha.

Hela inatosha vikao vinne tu? Mwambie mshauri siku ya kwanza. Vinne vikipangwa kila baada ya wiki mbili, na mazoezi katikati, vinafika mbali kuliko vinne vya kueleza historia ya maisha.

Jaza lile dodoso tena baada ya kikao cha sita au wiki ya sita. Alama zisiposhuka na hukuwa unakwepa mazoezi, mwonyeshe mshauri karatasi mbili hizo, na muulizane kama ni wakati wa kubadilisha mbinu, kuongeza dawa, au kumtafuta mtu mwingine.